Fundo Kando ya Kovu

Mtaani walimwita Mama Pasi, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alifanya kazi kwa dobi, chumba cha nyuma chenye dirisha moja na mvuke wa kutosha kumwivisha mtu, akinyoosha mashuka ya nyumba za wageni na mashati ya watu wa maofisini. Visigino vilikuwa vimepasuka na mgongo ulilalamika, lakini jicho lilikuwa bado kali. Kabla hajatandaza nguo mezani alishaona kifungo kilicholegea, doa la wino, mshono unaotaka kufumuka. Mwenye duka alikuwa akisema, huyu mama akiikazia nguo macho, nguo inaona haya.

Jicho hilohilo ndilo lililomfuata binti yake wa mwisho. Nyumbani walimwita Kitinda, ingawa alishakuwa mwanamke mzima, msusi mwenye wateja wake kwenye saluni ya barabara kubwa, na mchumba wake, fundi umeme, alishaleta barua ya posa. Miaka michache kabla ya hapo Kitinda aliugua. Tumbo lilijaa, watu wakaanza kumpongeza kwa mimba ambayo haikuwepo, mpaka hospitali wakamfungua na kutoa uvimbe uliokuwa umeota kwenye mfuko mmoja wa mayai. Ulipopimwa, ukaonekana si wa kuua haraka, lakini una tabia ya kurudi.

Daktari aliyemfungua alikuwa mzee mpole mwenye mikono mikubwa kama ya mwashi. Siku ile Mama Pasi alimwuliza kwa nini hawakuutoboa kwanza kwa sindano wauonje ni wa namna gani. Mzee akamjibu, "Uvimbe wa namna hii hauchomwi sindano. Unatolewa mzima, kama yai. Ukipasuka, umemwaga balaa tumboni."

Mama Pasi hakusoma sana. Aliacha shule mapema kulea wadogo zake, na mwandiko wa madaktari hata waliosoma unawashinda. Kwa hiyo alijifunza kushika maneno. Akitoka hospitali alirudi kazini na maneno yake kichwani, akayanyoosha pamoja na mashuka, pasi mbele, pasi nyuma, mpaka yakalala sawasawa. Nyumbani ikawa sheria: la hospitali aulizwe Mama. Hata Kitinda mwenyewe, mwenye kovu, akiulizwa aliugua nini, alijibu, "Subirini Mama aje."

Basi jioni moja Mama Pasi alipita saluni akitoka kazini. Alisimama mlangoni, akatazama, asisalimie.

"Mbona unasuka kiubavu," akauliza, "kama mtu anayechungulia dirisha la jirani?"

Wateja wakacheka. Kitinda hakucheka. "Kiti kinanibana, Mama. Nikiegemea mgongo wa kiti, tumbo linauma."

"Kiti hicho kipo tangu uanze kazi. Kimenenepa lini?"

Nyumbani alimlaza kitandani, akapandisha blauzi, akapitisha vidole. Kando ya kovu la zamani, kulia kidogo, chini ya ngozi, kulikuwa na kitu. Hakikuwa kama ule uvimbe wa kwanza, uliokuwa umejaa na kutikisika kama mpira wenye maji. Hiki kilikuwa kigumu, kimetulia, kama fundo kwenye kamba. Mama Pasi aliondoa mkono kama aliyegusa chuma cha moto, na mtu anayeshika pasi kila siku hashtuki ovyo.

"Kimeanza lini?"

"Sijui. Nilidhani ni kovu."

"Kovu halikui."

"Ndiyo najua sasa, Mama."

Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wahenga hawakusema la kufanya pale ung'ongo unapokuwa na umbo la nyoka, na umelala palepale alipolala nyoka.

Hospitali walikaa kwenye benchi lililong'arishwa na nguo za watu, chini ya feni iliyokuwa ikilia kama panya. Mpiga picha za tumbo alikuwa mcheshi. Alimpaka Kitinda ile dawa ya kuteleza, akamtania kuwa ni baridi lakini bei yake ni moto. Kisha akafika kando ya kovu, na utani ukakatika katikati ya neno. Mama Pasi aliuona ukimya ule kama anavyoona doa kwenye shuka jeupe. Wakapelekwa kwenye mashine kubwa yenye umbo la pete, Kitinda akatolewa damu, wakaambiwa warudi.

Waliporudi walikuta madaktari wawili. Mmoja alikuwa bwana mnene mwenye sauti nzito, ambaye manesi walimwita Daktari Mkubwa. Wa pili alikuwa mwanamke mwembamba aliyekuwa akisukuma miwani yake juu kila baada ya sentensi. Mama Pasi alishampa jina moyoni: Daktari Miwani.

"Kwa mgonjwa aliyewahi kuwa na uvimbe ule," alisema Daktari Mkubwa, "kitu kipya tumboni tunakihesabu kuwa ni uleule umerudi, mpaka kithibitike vingine. Ushauri wangu tumfungue. Tutoe hicho, tutoe na mfuko wa mayai uliobaki, na kizazi. Tusiuachie mlango."

Kitinda alikuwa akitazama mikono yake. "Kizazi pia?"

"Pia."

"Mimi sijazaa, daktari."

"Najua, binti yangu."

"Toeni," alisema Mama Pasi. "Toeni chochote. Mnamfungua lini?"

Kitinda aligeuza kichwa akamtazama mama yake kama mtu anayemwona mgeni kakaa kwenye kiti cha mama yake.

Daktari Miwani akasukuma miwani. "Mimi naomba tusikimbie. Ile alama iliyokuwa kwenye damu mara ya kwanza, safari hii haipo. Na picha inaonyesha kitu hiki hakiko kule ulikokuwa mfuko wa mayai. Kimo kwenye nyama ya ukuta wa tumbo, pembeni ya kovu. Inawezekana umerudi. Inawezekana pia ni kitu kingine kabisa, kisicho saratani, ambacho kwa nadra sana huota kwa wanawake waliowahi kufunguliwa tumbo. Kwenye picha vinafanana. Tuchukue kinyama kidogo kwa sindano, kipimwe, tujue kwanza tunamfungua kwa sababu gani."

"Kwa sindano?" Mama Pasi alikaa wima. Aliyatoa maneno yake mahali alipoyatunza, yakiwa hayana hata mkunjo. "Uvimbe wa namna hii hauchomwi sindano. Unatolewa mzima, kama yai. Ukipasuka, umemwaga balaa tumboni."

"Nani alisema?"

"Aliyemfungua."

"Alisema kweli."

"Basi."

"Na mimi nasema kweli, Mama."

Mama Pasi akamgeukia Daktari Mkubwa aje amwokoe. Daktari Mkubwa akakuna kidevu. "Mwenzangu ana hoja," akasema. "Sindano ikisema umerudi, tutafungua tu." Waliokuwa wakivutana sasa wamekubaliana, na hilo lilimtisha Mama Pasi kuliko ubishi wao. Kweli moja inasema usichome. Kweli ya pili inasema choma. Na tumbo ni moja.

"Nichomeni," alisema Kitinda.

Njia nzima Mama Pasi aliyanyoosha maneno ya yule mzee kichwani. Safari hii yalikuwa na harufu ya kitu kinachoungua.

Nesi alikuwa amewaelekeza vizuri: siku ya sindano, tangu asubuhi, asile wala asinywe. Asubuhi hiyo Mama Pasi aliwahi kuamka, akakoroga uji mzito, akautia sukari, akauweka mbele ya binti yake.

"Kunywa, mwanangu. Utaanguka njiani."

"Si walisema nisile?"

"Sasa uji unatafunwa?"

Kitinda alikuwa na hofu, na la hospitali lilikuwa la Mama tangu zamani. Akanywa. Walipofika, nesi akamwuliza kama ana kitu tumboni, akajibu hana, ila uji. Nesi akaweka kalamu chini polepole.

"Mama, si wewe uliyerudia maneno yangu yote siku ile, mpaka nilipokohoa ukakohoa?"

"Ni mimi."

"Rudini wiki ijayo."

Kitinda alitembea mbele, haraka, mkono mmoja tumboni. Mbele ya duka la fundi simu akasimama ghafla, mama yake karibu amgonge.

"Ulifanya makusudi."

"Mwanangu, nilisahau tu..."

"Wewe? Wewe hujawahi kusahau kitu, Mama. Wewe unakumbuka nesi wa mwaka ule alivaa viatu gani."

"Vyeupe, vimelika kisigino cha kushoto," alisema Mama Pasi kabla hajajizuia.

Kitinda alicheka, kisha kicheko kikageuka kikawa kilio, palepale barabarani, na fundi simu akainamisha kichwa kwenye simu aliyokuwa ameshamaliza kuitengeneza. "Ulisema watoe kizazi changu kama mtu anayesema toa doa. Hukunitazama hata usoni."

"Nilitaka uishi."

"Na mimi nataka kujua naumwa nini kabla hawajanimaliza. Mwili ni wangu, Mama. Ukitaka kunizuia, leta sababu. Usilete uji."

Kesho yake Mama Pasi aliomba ruhusa kazini akaenda kutafuta sababu. Yule daktari mzee alikuwa amestaafu, akikaa nyumbani kwake nyuma ya soko. Alimkuta kavaa fulana, kapiga magoti jikoni akipambana na bomba linalovuja, yale mapande ya mikono yamekwama chini ya sinki. Mzee alimkumbuka; au alijifanya, kwa adabu. Mama Pasi hakukaa.

"Ulisema hauchomwi sindano."

Alipomweleza yote, mzee alijifuta mikono akafikiri. "Ule," alisema. "Ule ulikuwa mfuko, ndani yake maji. Ukiutoboa unamwagika, na kama maji yale yana mbegu mbaya, umezipanda tumbo zima. Huu, kwa unavyonieleza, ni nyama ngumu. Hauna cha kumwaga. Tena uko ukutani, sindano haina haja ya kuingia ndani."

"Kwa hiyo maneno yako yamepitwa na muda, kama dawa?"

Mzee akacheka. "Hayajapitwa. Yalikuwa ya ule."

"Na huu ni nini?"

"Sijui."

Bomba lilikuwa likidondosha maji kwenye sufuria.

"Nikwambie kweli, mama," mzee akasema. "Enzi zangu, ningeona ile historia, ningeshika kile kifundo, ningesema umerudi. Ningemfungua nikatoa kila kitu. Labda ningekuwa nimempatia. Labda ningekuwa nimemtoa kizazi binti wa watu kwa kitu ambacho hakina undugu wowote na kizazi. Vinafanana hivyo vitu. Ukivitazama kwa nje, huvijui. Ukifungua ukavitazama kwa macho, wakati mwingine huvijui vilevile."

"Sasa nimwambie nini mwanangu?"

"Mwambie asinywe uji."

Hivyo ndivyo alivyorudi nyumbani. Alikwenda kutafuta sababu, akarudi na "sijui" ya mtu aliyemwamini kuliko wote. Jioni aliyanyoosha maneno yale kichwani, lakini hayakulala. Kila alipoibana upande mmoja, "sijui" iliinuka upande wa pili. Akamwambia Kitinda, "Sikupata sababu," na Kitinda akamjibu, "Asante, Mama," na wote wawili hawakujua kama wamepatana au wamechoka.

Wiki iliyofuata Kitinda alichomwa. Mama Pasi alikaa nje, tumbo tupu kama mgonjwa, maana hata yeye hakuthubutu kula. Binti alipotoka alikuwa amebandikwa bandeji ndogo, ndogo kuliko hofu yote ile.

"Imeumaje?"

"Sindano ya ganzi iliuma. Ile nyingine ililia tu ta! kama stepla. Nikaruka. Daktari akasema niache kuruka, ananikata kidogo tu."

"Na maji? Yalimwagika maji?"

"Maji ya wapi, Mama? Daktari mwenyewe alisema kitu kigumu kama kisigino."

Wakadhani wamemaliza. Walipofuata majibu wakaambiwa mpimaji wa kwanza ametazama hakuridhika, amempelekea mwenzake wa hospitali nyingine atazame naye. Mama Pasi alitaka kujua hakuridhika na nini. Wakamwambia, anaona nyuzinyuzi, haoni saratani, ila hataki kukipa kitu hicho jina peke yake. Mama Pasi akarudi kwenye pasi. Siku hizo aliunguza shati la mteja, kola nzima, jambo ambalo mwenye duka hakuwahi kuliona, akalikunja lile shati taratibu bila kumsemesha.

Siku ya majibu Daktari Miwani alikuwa peke yake. Hakuzunguka.

"Si ule wa kwanza. Haujarudi. Na si saratani."

Mama Pasi alifunika uso kwa viganja viwili. Kisha akafunua uso. "Sasa mnautoa lini?"

"Hatuutoi."

"Hamuutoi?"

"Mwili ulipokuwa unaunga lile kovu," alisema Daktari Miwani, "nyuzi za nyama zilianza kujisuka, kama zinavyopaswa. Kwa watu wachache sana hazijui kuacha. Zinasuka, zinasuka, mpaka zinakuwa fundo." Akamtazama Kitinda. "Wewe msusi utanielewa."

"Kama mtu amesuka nywele akapita kisogo akaendelea mgongoni," alisema Kitinda.

"Hivyo hivyo. Fundo hili halisafiri. Haliendi kwenye ini wala mapafuni. Lakini hapo lilipo linaweza kukua, likabana, likauma. Na kulikata ni kutengeneza kovu jingine, na kovu ndilo linalolichokoza, kwa hiyo wengi tukiwakata linarudi. Mengine ukiyaacha yanatulia, mengine yanasinyaa yenyewe. Tutakupiga picha mara kwa mara. Likianza ukorofi, dawa zipo."

Mama Pasi alinyoosha kidole gumba, kama anayeyapanga maneno vidoleni. "Kwa hiyo hili si baya."

"Si baya."

"Lakini linaweza kukua."

"Linaweza."

"Na likitolewa linarudi."

"Mara nyingi."

"Na lile baya, mlilitoa, halikurudi."

"Mpaka leo halijarudi."

Vidole vilikuwa vimekwisha na hesabu haikutoka. "Daktari, mbona jema lina tabia za baya, na baya lina tabia za jema?"

Daktari Miwani alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti, ingawa haikuwa chafu. "Hata sisi lilitubabaisha, Mama. Tulikaribia kumfungua."

Kitinda alikuwa hajasikia nusu ya hayo. "Kizazi changu?"

"Kipo na kinabaki. Ukitaka kuzaa, njoo tuzungumze kwanza, maana mimba wakati mwingine hulichangamsha fundo kama hili, tutakuwa tunakutazama kwa karibu. Lakini zuio hakuna."

Hapo Kitinda alilia kwa sauti, na Daktari Miwani akamwachia alie, akitazama dirishani. Mama Pasi aliushika mkono wa binti yake. Alikuwa na swali, swali moja kubwa, lakini hakujua linaanzia wapi.

Nje, kwenye lile benchi, simu yake ikaita. Alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke wa sauti ya tarumbeta, ambaye tangu habari hii ianze alikuwa amekusanya ukoo mzima kwenye maombi.

"Wifi! Wamesemaje?"

"Si saratani, wifi."

"Haleluya! Wameutoa?"

"Hawajautoa."

"Watautoa lini?"

"Hawautoi."

"Subiri. Upo bado tumboni?"

"Upo."

"Na si mbaya."

"Si mbaya. Ila wakiutoa utarudi."

"Utarudi kutoka wapi, na haujaenda popote?"

"Ndiyo nasema na mimi, wifi."

"Sasa huyu mtoto ni mgonjwa au mzima?"

Mama Pasi alimtazama Kitinda aliyekuwa amekaa pembeni yake, macho mekundu, akijaribu kusikiliza huku anampigia mchumba wake. Alimtazama kama anavyoitazama nguo iliyoletwa sasa hivi. Uso ulikuwa wa mtu mzima kabisa. Mkono ulikuwa tumboni, palepale.

"Ni mzima mwenye kitu," akasema.

"Makubwa haya! Hapa nina watu, wifi, wamejaa sebuleni, wanangoja neno. Niwaambie nini? Tushukuru au tuendelee kuomba?"

"Fanyeni vyote viwili."

"Tuanze na kipi?"

Kitinda alishindwa kuvumilia. Alicheka mpaka akajikunja, akashika ubavu wa kulia. "Mama, kata hiyo simu, mnanichekesha. Linauma."

"Linauma?" Mama Pasi alishasimama, simu bado sikioni, wifi bado anauliza, na jicho lake lote liko pale mkono ulipo. "Linauma vipi? Jana liliuma hivyohivyo?"